Debe la Mafuta Mama

Daktari Khainza alikiinua kichupa cha kioo kwenye mwanga wa dirisha, na mimi nikadhani ametuletea kisicho chetu. Chini kulikuwa na damu, nyekundu ya kweli, imejikusanya kama tope. Juu yake kulikuwa na kitu cheupe. Sisemi cheupe cha maji ya mchele, nasema cheupe cha maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, mazito, yanayoelekea umanjano. Alipokiinamisha, ule weupe ulipaka kioo, kisha ukateremka polepole.

"Hii ya nani?" akauliza dada yangu Mastula.

"Ya mtoto wako, mama."

"Mtoto wangu yupi?"

Alikuwa naye mmoja tu, Sebit, na Sebit alikuwa amejikunja kitandani nyuma yetu, magoti yamegusa kidevu, akilalamika kwa sauti ndogo kama mtu anayehesabu. Dereva wa lori, mwanamume wa mabega, alikuwa amebaki hivyo.

"Nimetoa mimi mwenyewe asubuhi, na nyinyi mkiangalia," daktari akasema. "Nimeiacha hapa dirishani itulie. Imejigawa yenyewe."

Mastula akanishika mkono, kucha zikaingia. "Ramula, wamemwekea maziwa mwanangu. Mtu gani anatiwa maziwa kwenye mishipa? Astaghfirullah. Amerogwa, huyu."

Mimi nimeona damu nyingi katika maisha yangu, na katika miaka ile kila mtu alikuwa ameiona, barabarani, milangoni kwa watu. Damu nyeupe sikuwa nimeiona.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nane. Sisi wa Jinja na Mbale vita vilikuwa vimeanza kutuachia pumzi, maduka yanapakwa rangi, sukari inaonekana. Lakini upande wa Teso watu walikuwa bado wanakimbia, na wodi ile ya Mbale ilikuwa imejaa hadi chini ya vitanda. Mimi nilikuwa nimetoka nyumbani kwangu Nalufenya, Jinja, baada ya Magidu, mwenzake Sebit wa kwenye lori, kupita na kunigongea: "Mama Ramula, Sebit anatapika, na dada yako analia tu." Nikafunga leso mbili, nikapanda naye juu ya magunia ya mbegu za pamba.

Huyu daktari Khainza alikuwa msichana wa Kigisu, shingo ndefu, viatu vya raba. Siku ya kwanza alipotusikia mlangoni tukizungumza Kiswahili, lugha ambayo kwetu ilikuwa ya wanajeshi, alisimama, mkono kwenye fremu ya mlango.

"Nyinyi ni wa jeshi?"

"Sisi ni Wanubi, mwanangu," nikamwambia. "Jeshi alikuwa babu yetu. Sisi tunauza sambusa."

Akacheka, mabega yakashuka. "Mnisamehe, mama. Kiswahili yangu ni ya vizuizi vya barabarani. Najua 'kaa chini' na 'toa kitambulisho'. Zingine nitatafuta."

Sasa alikuwa anazitafuta.

"Hii nyeupe ni mafuta," akasema, akigonga kioo kwa ukucha. "Mafuta iko ndani ya damu. Kila mtu anayo, lakini kidogo, hata huioni. Yake imezidi mpaka inaonekana kwa macho. Nyuma ya tumbo kuna kitu kinaitwa kongosho. Damu ikiwa na mafuta hivi, kongosho inaungua yenyewe. Ndiyo hii maumivu. Watu wanakufa na hii, mama. Sikufichi."

Halafu akageuka kwa mgonjwa. "Sebit, unakunywa pombe?"

"Sisi ni Waislamu, daktari," Mastula akadakia.

"Namuuliza yeye."

Sebit akafungua jicho moja, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. "Kidogo."

"Kidogo ni nini?"

"Waragi. Ya... ya tumbo."

"Kila siku?"

Akafumba jicho. Ikawa ndiyo jibu.

"Hiyo siyo pombe," Mastula akasema, na alikuwa anasema kweli yake. "Hiyo ni dawa ya nyumbani. Nampa mwenyewe."

Hapa lazima nieleze mambo ya kwetu, la sivyo mtu atamwona dada yangu mjinga, na mjinga hakuwa.

Mama yetu alikuwa mkaangaji. Alikuwa na debe lake la mafuta, lenye kifuniko cha mbao na mpini wa waya, na ndani yake mlikuwa na tulichokiita mafuta mama. Jioni akimaliza kukaanga, mafuta ya karai yanarudi debeni kwa kichujio cha kitambaa. Asubuhi yanatoka tena. Yakipungua anaongeza mapya, lakini ya zamani hayamwagwi. Hayamwagwi kabisa. Mama alisema mapya peke yake ni mafuta yatima, hayajui kazi, yanarusha povu na sambusa inatoka imepauka kama mgonjwa. Ya zamani yana rangi, yana harufu ya vitunguu vya miaka yote. Binti akiolewa anapewa kata moja ya mafuta mama aanzishe debe lake. Mimi nilipewa yangu, nikaja nayo Nalufenya. Mastula, kwa kuwa ndiye mkubwa, alirithi debe lenyewe mama alipofariki.

Na tumbo likiuma, nyumbani kwetu dawa ilikuwa moja: kijiko cha mafuta mama yaliyopashwa moto, waragi kiasi cha kifuniko cha chupa, na pilipili manga. Wanunue wapi dawa nyingine bibi zetu? Waragi waliitengeneza wenyewe, wajane wengi waliishi kwayo, na aliyekunywa kwa ajili ya tumbo hakuhesabiwa kuwa mlevi.

Mwaka wa sabini na tisa, serikali ya jeshi ilipoanguka, watu walitugeukia, maana jeshi lile lilihesabiwa kuwa letu. Nyumba yangu iliporwa hadi milango. Kata yangu ya mafuta ilimwagwa sakafuni na mtu aliyetaka debe tupu. Mastula alikuwa Jinja kwetu wakati ule. Alitoka usiku na Sebit, na badala ya kubeba nguo alibeba debe la mama kichwani. Alitembea hivyo, kwa vichaka na kwa lori, mpaka Nakaloke, karibu na Mbale, kwa rafiki yake Nabifo, mwanamke wa Kigisu ambaye alimficha kwenye ghala la mtama mpaka hasira za watu zikatulia. Alipotoka ghalani hakuwa na senti. Alikuwa na debe. Akaanza kukaanga mihogo siku ya soko, na kwa mihogo ile akamlisha kijana mpaka alipokwenda zake Sudan kutafuta maisha, na aliporudi akamlisha tena.

Kwa hiyo mnaona. Dada yangu alinitania miaka yote. "Ramula, sambusa zako nzuri, lakini hazina mama." Na mimi kweli nilimwonea wivu. Nilikuwa nikifika Nakaloke nafungua kifuniko cha mbao nanusa tu, na mama yetu anakuwa yupo pale jikoni.

Daktari alisikiliza habari hizi zote, maana Mastula alimweleza kwa mikono na miguu. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mafuta hayo ni ya tangu lini?"

"Tangu mama yetu."

"Hayajawahi kumwagwa?"

"Nani anamwaga mama?" Mastula akasema kwa hasira.

Daktari akaketi ukingoni mwa kitanda. Akasema mafuta yakichemshwa mara moja ni chakula, lakini yakichemshwa na kuchemshwa tena, kila siku, yanageuka, yanakuwa kitu kingine, yanaharibu mishipa. Akasema pombe nayo ikiingia mwilini, ini linaacha kazi zake na kuanza kutengeneza mafuta, linayamwaga kwenye damu. "Sasa huyu anakula mafuta hiyo asubuhi, anakunywa waragi juu yake, tumbo inauma, mnampa tena mafuta na waragi. Mama, mnazima moto na petroli."

Mastula alifunga leso yake vizuri, akatazama pembeni.

Amri ilikuwa fupi: Sebit asile, asinywe, hata maji ya kulowesha ulimi yapimwe. Maji ya chupa yatapita mkononi, damu itajisafisha polepole, kongosho lipumzike. Kila asubuhi atatolewa damu kidogo na kichupa kitawekwa dirishani.

Asubuhi iliyofuata ule weupe ulikuwa umepungua. Mimi niliuona kwa macho yangu, daktari akatabasamu, Sebit akanyoosha mguu mmoja. "Mama mdogo," akaniita, "nikitoka hapa nitakula chapati kubwa kama gurudumu la lori."

"Utakula muhogo wa kuchemsha," nikamwambia, "na ukinuna nitakupa bila chumvi."

Mchana nikaenda kufua mashuka bombani. Kulikuwa na foleni ya wanawake wa Teso na ndoo zao, nikakawia. Niliporudi nikasikia mlio kabla sijafika mlangoni. Sikujua kuwa ni mtu. Niliwahi kusikia mbuzi aliyegongwa na gari akilia hivyo.

Sebit alikuwa sakafuni. Mrija wa mkononi umechomoka, damu inatiririka kwenye saruji, na wallahi ile damu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamejibana ukutani. Mwanamke mmoja amemfunika mtoto wake macho. Mastula amepiga magoti, amemshika kichwa, anasema neno moja tu, "Mwanangu, mwanangu, mwanangu."

Daktari alikuja mbio. Wakamwinua, wakamchoma sindano, wakarudisha mrija. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Midomo imegeuka rangi ya jivu. Daktari akachukua damu nyingine, na hakuhitaji kuisubiri. Ilijigawa mbele yetu, na weupe ulikuwa umepita nusu ya kichupa.

"Amekula nini?"

Mastula akafunika uso kwa leso.

"Nauliza, amekula nini? Anaweza kufa kabla ya jioni!"

Kando ya mguu wa kitanda palikuwa na chupa ndogo ya chai, ya bluu, kifuniko kimelegea. Niliijua. Nikainama, nikaifungua, na harufu ikanipanda puani: vitunguu vya miaka yote, pilipili manga, na waragi. Jikoni kwa mama yetu.

Nikamtazama dada yangu. Sikuweza hata kumkemea.

"Alikuwa anaona njaa," Mastula akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Tumbo lilikuwa tupu tangu juzi, Ramula. Likiwa tupu linauma zaidi, si unajua? Nabifo aliniletea chupa kutoka nyumbani. Vijiko tu. Vijiko vya dawa. Alifurahi. Alisema ahsante, mama."

Daktari alinipokonya ile chupa mkononi, akaimimina yote kwenye beseni la chuma, pale pale mbele ya Mastula. Mafuta yalitoka meusi. Nilikuwa nimeyaona kila mwaka ndani ya debe, kwenye giza la debe, na nilidhani ni ya dhahabu. Kwenye beseni jeupe yalikuwa meusi kama yale wanayomwaga makanika, na yalivuta nyuzi.

"Angalia, mama," daktari akasema, na yeye mwenyewe alikuwa analia. "Sikugombezi. Angalia tu."

Mastula akaangalia. Aliangalia beseni, akaangalia kichupa dirishani, akaangalia tena beseni. Nilimwona anaelewa. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye saruji ile yenye damu, akaweka viganja vyote viwili kichwani, mahali pale pale alipobebea debe mwaka wa sabini na tisa.

Sebit hakufa. Mungu alitujalia. Lakini alikwenda mpaka mlangoni pa kifo, na siku nyingi zilipita daktari akitujibu "bado" kila tulipomtazama usoni. Mastula hakuondoka kando ya kitanda na hakumpa kitu, hata tone. Mtu akipita na sahani aliweka mwili wake katikati. Magidu alikuja na samaki wa kukaanga amefungwa kwenye gazeti, na mfuko wa shati umevimba umbo la kichupa. Mastula alimsimamisha kwenye korido.

"Mfukoni nini?"

"Kitu cha kumpa nguvu ndugu yangu, mama. Kidogo tu."

"Njoo uone kidogo."

Akamvuta kwa kola, mwanamume mzima, mpaka dirishani. Magidu akakiona kichupa. "Hiyo ni nini, uji?" Alipoambiwa, samaki alimwanguka mkononi. Nasikia alipitisha mwaka mzima ananunua soda baridi kila lori liliposimama, na kila wakimcheka anasema, "Nyinyi hamjaona."

Tulipomrudisha Sebit Nakaloke alikuwa mwepesi, suruali imefungwa kwa kamba. Tukamketisha kwenye mkeka kivulini mwa ukuta wa jikoni. Mastula akaingia, akatoka na debe. Akaliweka uani, akaondoa kifuniko cha mbao, akasimama.

Habari zilikuwa zimeshafika. Nabifo alikuwepo, na majirani wengine kadhaa, na kila mmoja kashika kitu: sufuria, kopo, kibuyu. Miaka ile mafuta yalikuwa bado yanatafutwa kwa magendo kutoka mpakani.

"Mama Sebit," Nabifo akasema, "kama unamwaga, mwaga kwangu. Sisi hatunywi waragi. Sisi yatatufaa."

"Usinibebeshe dhambi, Nabifo."

"Mafuta yote hayo! Ardhi haina njaa, sisi tunayo. Nilikuficha kwenye mtama wangu, na wewe unaninyima mafuta?"

Hilo lilimchoma Mastula. Nabifo hakuwa mtu wa kukumbusha wema, na aliposema hivyo mwenyewe alishika mdomo.

"Kwa sababu ulinificha," Mastula akasema. "Ndiyo maana sikupi. Ungenifukuza ningekujazia hilo sufuria."

Watu wakacheka, Nabifo akacheka na machozi. Lakini hawakuondoka. Nikajua tukiyamwaga shimoni watayachota jioni. Mastula naye alijua. Akaniambia, "Ramula, leta maji ya majivu."

Maji ya majivu ya maganda ya ndizi, yale tuliyotengenezea sabuni wakati wa vita. Nilikuwa nimeyachuja tangu asubuhi kwa ajili ya nguo za hospitali, pipa dogo limejaa, makali ya kuunguza kidole. Tukawasha moto. Mastula alimimina mafuta mama kwenye karai kubwa, akamimina maji ya majivu juu yake, mkono haukusita. Yalipiga kelele. Yakapanda povu la kahawia. Hapo hakuna aliyeweza kuyakaangia tena, na wale wenye makopo wakashusha pumzi, wakaanza kuuliza sabuni itagawanywaje.

Chini ya debe palibaki kitu kigumu. Sebit aliomba kisu, akakwangua akiwa amekaa. Kilitoka kwa vipande, cheusi, kinang'aa, kama lami ya barabara ya Tororo. Alikishika kwenye kiganja kwa muda.

"Mama, hii nimekula?"

"Tumekula," Mastula akasema. "Wote."

Sebit hakurudi kwenye waragi. Siwezi kusema ilikuwa rahisi. Mikono ilimtetemeka, alimtukana mama yake mara mbili, na mara moja alinitukana mimi nilipomfungia mlango. Mastula alimwekea ile chupa ya bluu juu ya meza, tupu, imeoshwa, na akitukana alimwonyesha kwa kidole bila kusema.

Mahindi yalipoiva tulirudi Mbale. Daktari alitoa damu, akaweka kichupa dirishani, tukakaa kwenye benchi kukisubiri. Damu ikashuka. Juu yake kikabaki kitu cha rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa, na nyuma yake, nje ya dirisha, niliweza kuona mlima.

"Hiyo ndiyo inayotakiwa?" Sebit akauliza.

"Hiyo ndiyo."

Mastula alikuwa amemletea daktari bonge la sabuni kwenye jani la mgomba. Daktari akanusa, akakunja pua. "Mama, hii inanuka sambusa."

"Ndiyo. Usiile."

Tulicheka sana. Kisha Mastula akapandisha mkono wa gauni lake hadi juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono mezani.

"Toa na yangu."

"Wewe unaumwa, mama?"

"Mimi nimekula debe lile kabla yake. Toa."

Daktari akatoa. Kichupa kikakaa dirishani kando ya kile cha Sebit. Damu ilishuka polepole, na juu yake palikuwa na ukungu. Haukuwa maziwa, ulikuwa ukungu tu, lakini mlima sikuuona vizuri.

Mastula alikitazama muda mrefu, mkono bado umenyooshwa mezani.

"Basi," akasema.

Sebit akamshusha mkono wa gauni, taratibu, akafunga na kifungo. "Karibu, mama," akasema. "Leo kuna matoke ya kuchemsha. Ukinuna, mama mdogo atakupa bila chumvi."